Mafunzo mazuri kuhusu unyanyasaji wa kingono kazini, ila mgeni wa hoteli kasahaulika

Nasimamia usafi wa vyumba katika hoteli moja ya ufuoni, Diani, pwani ya Kenya, na mafunzo haya tuliletewa asubuhi kabla ya zamu. Waliotufundisha nawapa nyota nne.

Walichofanya vizuri zaidi ni kukisoma kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na kila mstari wakautolea mfano wa hotelini. Msimamizi anamwambia kibarua, "Sizini ikianza nitakuandika, lakini kwanza ukubali tulale." Huo tayari ni unyanyasaji hata kama hajamgusa, maana ombi lipo na ahadi ipo. Picha chafu kwenye grupu ya WhatsApp ya kazini nazo zimo, kwa kuwa sheria inataja maneno, maandishi na picha pia. Wasichana waliozoea kuambiwa "huo mzaha tu" walibaki wakitazamana. Mmoja akauliza, "Kwani mwalimu, hata kama nilinyamaza?" Akajibiwa kwamba kunyamaza si kukubali.

Tukajua pia kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ni lazima atoe sera, akishauriana nao au na wawakilishi wao. Sera hiyo ieleze malalamiko yanapelekwa vipi, na jina la mlalamishi lisitolewe ila pale uchunguzi au hatua za nidhamu zikilazimu. Yetu wengi hatujawahi kuiona.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya mgeni. Kifungu kile kinamtaja mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenzako, mteja hayumo. Na sisi ndio tunaobisha hodi, "Hausikipingi!", mtu akafungua taulo likiwa begani badala ya kiunoni. Tulipouliza tukaambiwa turipoti kwa meneja, wakafungua ukurasa mwingine. Hapo ndipo wangekaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri ahakikishe usalama na ustawi wa wafanyakazi wake mahali pa kazi. Kwa msingi huo hoteli inaweza kuandika kwenye sera yake kwamba chumba cha mgeni wa aina hiyo kinaingiwa na wawili wawili, au hakisafishwi mpaka atoke, na msichana asikatwe mshahara kwa kukikataa.

Mkiwaita kwenu, watumieni swali la wageni mapema, waje wamejiandaa.