Kulala kwenye hema Naivasha, Kenya: uzoefu wangu

Wadau habari, tumerudi Arusha juzi tu kutoka Naivasha, mimi na mume wangu na watoto, na kwa vile watu wengi wa huku ukiwatajia kulala kwenye hema wanawaza Serengeti au mlima tu, ngoja niwape ya huko maana kwakweli tumeenjoi sanaa.

Kufika siyo shida, basi la Arusha–Nairobi kupitia Namanga, Nairobi mnadaka matatu (daladala za Kenya) ya Naivasha kama kilomita 90 hivi, halafu mjini kuna matatu nyingine zinafuata barabara ya Moi South Lake zinawashusha karibu na geti la kambi tuliyolala, kando ya Ziwa Naivasha. Unachagua sehemu yako chini ya migunga, ile mirefu ya gome la njano, unafunga hema basi. Usiyekuwa na hema unakodi kwao na godoro.

Sasa utamu wenyewe ni ile siku inavyokwenda. Asubuhi wanaokuamsha ni furukombe, wanaitana kule ziwani mpaka raha, baridi ipo maana Naivasha iko juu, karibu mita 1,900 toka usawa wa bahari, kwahiyo unatoka na sweta na kitenge juu unawasha jiko la mkaa, chai ya tangawizi inachemka taratibu na watoto bado wamejifunika gubigubi. Hakuna anayekimbizana na daladala wala simu ya ofisini. Ila chakula chungeni jamani, tumbili wako juu wanawapigia hesabu. Mmoja alishuka na mtoto wake kifuani, akashika kifuniko cha hotpoti kwa mikono miwili akakivuta pembeni, akachukua chapati ya juu moja tu, akapanda nayo akakaa tawini anaila huku anatutazama. Wanangu mpaka leo hawaongei kingine.

Baada ya chai ni vyombo, na mi niliipenda sana hii sehemu asikwambie mtu, sinki ni za wote kwahiyo mnaosha mnapiga stori, mama mmoja wa Nakuru tulizoeana hapohapo akatuletea maparachichi, jioni nami nikampelekea wali wa nazi. Mchana jua likikolea ni mkekani kivulini, anayesoma anasoma, anayelala analala. Siku nyingine tulitembea mpaka Kamere, ufukwe wa wavuvi, tukala samaki wa kukaanga na ugali na sukuma, halafu boti. Mtaona miti imekufa imesimama ndani ya maji, ni kwa sababu ziwa limepanda sana miaka ya karibuni likaimeza, na ndege wamejaa humo humo.

Hell's Gate mpeni siku nzima. Ni hifadhi ya kilomita za mraba 68 hivi na mnaruhusiwa kuingia kwa miguu au baiskeli, yaani mnaendesha na pundamilia wako palee, twiga, ngiri, kongoni, mtoto wangu wa kiume alisimamisha baiskeli twiga avuke njia akabaki ameduwaa tu. Malipo ya getini hawapokei keshi, andaeni simu au kadi kabla, na chupa za maji za plastiki haziruhusiwi, Kenya walipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja kwenye hifadhi tangu Juni 2020, bebeni chupa za kujaza tena. Ndani ya hifadhi kuna korongo, ulizeni kwanza askari wa hifadhi kama pako wazi na msiingie kukiwa na dalili ya mvua, mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu mle. Mkitoka kuna bwawa la maji ya moto ya jotoardhi pale Olkaria, miguu iliyochoka na pedali inapona hapo.

Usiku ndo usiku sasa. Mnakoka moto, kuni wanauza hapo hapo kambini, watoto wanachoma mahindi, mkishaingia hemani mnawasikia viboko wametoka majini wanakula majani nje ya uzio wa umeme, unasikia kabisa majani yanavyong'oka, na pumzi zao nzito. Binti yangu alinishika mkono lakini hakutaka nimzibe masikio, alitaka kusikia. Uzio usiuvuke usiku hata kama taa ipo, kiboko siyo wa kuchezea.

Kasoro zipo, hema la kukodi tulilopewa kwanza zipu ilikuwa mbovu mbu wakaingia, tulipolalamika wakabadilisha bila ubishi. Maji ya moto bafuni yanawahi kuisha, ogeni mapema kabla ya giza. Na wikendi, hasa za sikukuu, vijana wanakuja toka Nairobi na spika zao hakulaliki, kama mna watoto nendeni Jumatatu mpaka Alhamisi, na blanketi msitegemee za kambi, bebeni zenu nzito.