Wiki sita ndani ya gari: tathmini ya kambi ya magari ya kuishi, Mikindani

Mke wangu alistaafu uuguzi mwaka mmoja baada ya mimi kustaafu ualimu, na tangu hapo miezi ya Juni na Julai imekuwa mizito kwetu. Tunaishi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa kipupwe joto hushuka chini ya nyuzi 10, ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi, na magoti ya mke wangu, yaliyosimama wodini kwa zaidi ya miaka thelathini, hukakamaa kiasi kwamba anahitaji kushikwa mkono ili ainuke kitandani. Mwaka huu tuliamua kuikimbia baridi. Tulikuwa na Haisi yetu ya zamani. Fundi seremala akaiwekea kitanda, makasha mawili chini yake, meza ya kukunja na sehemu ya jiko la gesi, tukapakia madumu ya maji na vyandarua, tukashuka pwani. Tuliishi katika kambi moja ya ufukweni Mikindani, inayopokea mahema na magari ya kuishi, tangu katikati ya Juni hadi mwisho wa Julai.

Ninaandika kwa ajili ya wastaafu wenzangu wa nyanda za juu wanaofikiria jambo hili, kwa sababu watu wengi waliotueleza habari za kambi hiyo walikuwa wamelala usiku mmoja au miwili kisha wakaendelea na safari. Mahali pazuri pa kulala si lazima pawe mahali pazuri pa kukaa. Msafiri wa usiku mmoja huangalia machweo na choo. Mtu wa wiki sita huangalia kivuli, maji, majirani, na umbali wa kwenda sokoni kwa miguu.

Safari ni ndefu lakini si ngumu. Tulipitia Songea na Tunduru, tukalala mara mbili njiani, tukapita Masasi na Ndanda hadi njia panda ya barabara ya Lindi na Mtwara, tukageukia kusini. Anayetokea upande huo huikuta Mikindani kwanza, kilomita kama 10 kabla ya kuingia mjini Mtwara.

Kambi yenyewe imekaa juu kidogo ya ghuba, kwenye uwanja wenye mikwaju, miembe na mbuyu mmoja mkubwa sana. Ghuba ya Mikindani imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, kwa hiyo mawimbi makubwa hayafiki, lakini upepo wa kusi hufika, na katika miezi hii huvuma kwa nguvu kuanzia adhuhuri hadi jioni. Siku ya kwanza tulielekezwa kwenye nafasi iliyo karibu zaidi na maji, ambayo wageni wote huitamani, na siku ya pili upepo ukalichana turubai letu na kutujazia mchanga kwenye sufuria. Tuliomba kuhamishwa, na kijana wa zamu akatupeleka bila manung'uniko kwenye nafasi iliyo chini ya mkwaju, nyuma ya ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe. Hapo ndipo tulipoanza kuishi. Ninamshauri yeyote anayekuja kwa muda mrefu aache kuitafuta mandhari na aombe nafasi yenye ukuta upande wa kusini; bahari ataiona kwa kutembea hatua hamsini.

Kuhusu hali ya hewa sina la kulalamikia. Mchana joto hupanda hadi karibu nyuzi 28, usiku huzunguka nyuzi 20, na shuka moja yatosha. Bahari hapa hupwa na kujaa kwa tofauti kubwa, hasa wakati wa bamvu, ambapo maji huondoka mbali na kuacha tope na majani ya bahari, na wanawake wa mjini hushuka na ndoo zao kutafuta pweza na chaza. Mke wangu alikuwa amekuja kufanya mazoezi ya magoti ndani ya maji, kwa hiyo ratiba yetu yote ya siku ilifuata maji, si saa. Kambi haibandiki popote nyakati za kujaa na kupwa. Tulizipata kwa wavuvi kila asubuhi, nao walitujibu kwa subira na kutuamkia shikamoo hata siku tulipowauliza mara mbili. Ubao mmoja mdogo pale mapokezi ungewasaidia wageni wengi kutoka bara ambao hufika saa ya maji kupwa wakadhani wamedanganywa.

Sasa nifike kwenye maji ya matumizi, kwa sababu hapa ndipo kambi inapopungukiwa zaidi. Kambi ina kisima chake kirefu, pampu na simtanki mbili juu ya mnara, lakini maji hayo yana chumvi: sabuni haitoi povu, chai hubadilika ladha, na maharage hukataa kuiva. Kwa mtu wa usiku mmoja si neno. Sisi tulilazimika kununua maji yasiyo na chumvi ya madumu kutoka kwa kijana mwenye pikipiki, madumu mawili kila siku, na gharama hiyo hakuna aliyetutajia tulipopiga simu kuulizia. Katika wiki ya tatu pampu iliharibika kwa siku mbili. Msimamizi alileta maji kwa mkokoteni, jambo ninalomshukuru, lakini alileta baada ya sisi kwenda kumwambia, ilhali wageni wa upande wa pili, waliokuwa wageni zaidi na waoga zaidi kuuliza, walikaa mchana kutwa bila maji. Paa la jengo la mapokezi ni pana na la bati. Kambi ikivuna maji ya masika na kuyahifadhi kwenye tanki la tatu, itakuwa na maji ya kunywa na kupikia hadi wageni wa kipupwe waondoke. Nimemwambia mwenye kambi hivyo ana kwa ana, na ninayarudia hapa kwa nia njema.

Umeme unapatikana kwenye nguzo nne, nasi tulivuta waya wetu wa mita ishirini. Anayekuja aje na waya mnene wenye soketi zisizoingiza maji, kwani usiku umande wa pwani ni mwingi. Vyoo na mabafu viko katika jengo moja, vinasafishwa mara mbili kwa siku, na havikutuchukiza hata mara moja. Kasoro ni kizingiti cha bafu la wanawake, kilichoinuliwa juu kama ngazi, tena cha saruji laini inayoteleza ikilowa, na hakuna kitu cha kushika. Kwa kijana ni hatua tu. Kwa mwanamke wa miaka sitini na saba mwenye magoti mabovu ni hatari, na kwa wiki sita nilimsindikiza mke wangu hadi mlangoni kila alipokwenda kuoga.

Majirani wetu kwa wiki tatu walikuwa mume na mke wastaafu kutoka Afrika Kusini, waliokuja na gari la kuishi lenye choo na jokofu ndani yake, kupitia Zambia na Malawi hadi wakaingilia Kasumulu. Walitoka Johannesburg kwa sababu ileile iliyotutoa Njombe, kwani huko nako Julai ni mwezi wa baridi kali, na tulizungumza nao sana, mke wangu akitumia Kiingereza chake cha hospitali. Walitueleza kwamba kwao kuna viwanja vingi vilivyotengenezwa kwa ajili ya karavani na magari haya, kila nafasi ikiwa na soketi yake, bomba lake la maji na mahali pa kuchomea nyama, na kwamba wastaafu wengi wa nyanda za baridi hushuka nayo kwenye pwani ya KwaZulu-Natal. Jambo hilohilo hufanyika kwa wingi Marekani, ambako wazee wa majimbo ya kaskazini na wa Kanada huhamia Florida na Arizona miezi ya theluji na kuishi viwanjani hadi baridi ipite. Kilichonivutia ni utaratibu wa malipo. Mgeni wa muda mrefu hupewa bei ya mwezi, iliyo chini sana ya jumla ya bei za usiku mmojammoja, na mara nyingi umeme hupimwa kwa mita yake, ili anayewasha kiyoyozi asilipiwe na anayewasha taa moja.

Kambi yetu haina bei ya mwezi. Tulilipa shilingi 20,000 kila usiku kwa gari na watu wawili, sawa na msafiri anayepita, ingawa hatukubadilishiwa shuka, hatukuhitaji kupokelewa kila siku, na tulikuwa tunajaza nafasi katika wiki ambazo nusu ya uwanja ilikuwa tupu. Tulipofika wiki ya nne niliomba punguzo, nikaambiwa kwa adabu kwamba kitabu cha risiti hakina safu ya mwezi. Jibu hilo lilinihuzunisha, kwa sababu pensheni ya mwalimu na ya muuguzi haikupangwa kwa hesabu ya usiku. Hapa kuna wateja ambao kambi haijawaona bado: wastaafu wa Njombe, Makete, Mbeya na Iringa, ambao wangekuja kila mwaka katika miezi ambayo watalii wa mbali hawatoshi kuujaza uwanja, iwapo wangejua mapema kwamba wiki sita zitawagharimu kiasi fulani na si zaidi.

Upande wa chakula, Mikindani inawatosha wakaao muda mrefu. Mitumbwi huingia alfajiri, na anayefika mapema hupata changu na tasi wakiwa bado wanang'aa; mihogo, nazi na mchicha vipo gengeni umbali wa dakika tano, na bajaji za kwenda soko kuu la Mtwara hazikosekani. Mama mmoja jirani wa kambi alituletea ming'oko, mizizi ya porini ambayo watu wa Mtwara na Lindi huichimba na kuichemsha kwa chumvi, na mke wangu, aliyekulia viazi mviringo, aliipenda hadi akajifunza kuimenya wenyeji wanavyoimenya. Korosho zilizobanguliwa huuzwa kwa vikombe, na ni nafuu kuliko tunavyozipata kwetu.

Nina maonyo mawili ya kiafya, na yote mawili ni ya mke wangu. La kwanza ni malaria. Sisi tunaotoka kwenye baridi tumezoea kulala bila chandarua, na miili yetu haina kinga ya watu wa pwani. Weka wavu kwenye madirisha ya gari, lala ndani ya chandarua, na homa ikianza usingoje kesho. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula, iko mjini Mtwara, na ile ya rufaa ya kanda iko Mitengo, upande huuhuu wa Mikindani, jambo lililotupa utulivu mkubwa. La pili ni salfa. Kipupwe ndicho kipindi ambacho mikorosho hutoa maua na wakulima huipulizia unga wa salfa ili kuikinga na ugonjwa wa ubwiriunga, nao hupuliza alfajiri, kabla upepo haujaanza. Asubuhi kadhaa harufu hiyo ilifika kambini na kumkohoza mke wangu. Wakulima wako kazini na korosho ndiyo maisha ya mkoa huu. Ni mwenye pumu tu anayepaswa kulijua hili kabla ya kufunga safari, na kambi inapaswa kumweleza.

Ulinzi ni mzuri. Mlinzi wa usiku alituita babu na bibi kuanzia siku ya pili, na kila usiku alipita na tochi bila kutumulika madirishani.

Nieleze pia kile tulichokifuata. Wiki ya kwanza mke wangu alitembea hadi barabara kuu na kurudi, basi. Wiki ya pili alifika kwenye nyumba kongwe za mji zenye milango ya nakshi. Mwisho wa wiki ya tano tulipanda pamoja mteremko wa kwenda Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895 na ambalo sasa ni hoteli, tukakaa barazani na kuitazama ghuba yote chini yetu, ghuba ambayo Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mke wangu alipanda bila kunishika. Sikutegemea kwamba ningeiona siku hiyo, na gharama zote nilizozilalamikia hapo juu nilizisamehe nikiwa nimeketi pale.

Tumeshalipia sehemu ya kwanza ya Juni ijayo, nafasi ileile ya mkwaju. Asubuhi ya kuondoka mwenye kambi alikuja na futi ya fundi, akapima kizingiti cha bafu la wanawake mbele ya mke wangu, akamwuliza angependa bomba la kushikia liwekwe mkono upi, naye akamwonyesha: wa kulia anapoingia, na urefu wa kiuno chake.