Kazi zako za mwanzo za usanifu: uzifute au uzitunze?

Juzi nilifungua kadi ya harusi niliyoisanifu 2009: majina kwa herufi za kitoto za Comic Sans, maua manne ya waridi pembeni, kivuli chekundu nyuma ya kila herufi. Niliona aibu hadi nikafunga kompyuta.

Kwa gharama, kufuta hakukuokolei kitu; faili zangu za miaka mitatu zimeenea kwenye flashi ya GB 16. Usumbufu uko kwenye matunzo. Faili ya zamani ya CorelDRAW (programu ya kuchorea) ukiifungua bila fonti zake, yaani aina za herufi ulizotumia, maandishi yanavurugika, kwa hiyo kila kazi inahitaji nakala ya PDF. Aliyefuta hana shughuli hiyo.

Kwa wateja, kutunza kunashinda waziwazi. Mwenye duka akirudi kutaka bango lilelile, "badilisha namba ya simu tu", utalichora upya bure? (Na hurudi, tena Ijumaa jioni.)

Lakini kama unatafuta kazi, ondoa vya zamani mtandaoni, maana utapimwa kwa kile kibovu. Kama unafundisha vijana, vitoe wavione. Mimi huwaonyesha kile kivuli chekundu. Wanacheka weee, kisha mmoja anafungua cha kwake.