Vitabu na Nguo za Sanaa ya Asia: Naanza na Kipi, Naacha Kipi

Mwaka juzi nilinunua tisheti ya lile wimbi la Hokusai, mchoraji wa Japani, onlaini, mnalijua, la bluu lenye povu kama kucha za mnyama, bei ya kutupwa, mzigo ukachukua wiki sita kufika. Kufungua nikaona kuna kitu hakijakaa sawa ila sikujua nini, nikaivaa hivyo hivyo mpaka shemeji yangu ambaye ana picha ya wimbi hilo sebuleni akaniuliza mbona lako linatokea kulia? Walikuwa wameigeuza picha jamani. Kile kiboksi cha maandishi kinachokaa juu kushoto wakakifuta kabisa, maana wangekiacha maandishi yangesomeka kinyumenyume. Na ilipofuliwa mara ya tatu ile printi ikapasuka kama matope ya bwawa lililokauka.

Tangu siku hiyo kabla sijatoa hela nauliza kitu kimoja, nani kachora au nani katengeneza? Muuzaji akinijibu "ni ya Kiasia tu bosi", naondoka. Asia ni kubwa mno, kutoka Java mpaka Japani ni watu tofauti, rangi tofauti, mikono tofauti. Kwa hiyo hii orodha nimeipanga kwa thamani ya hela yako ukilinganisha na mkono wa fundi unaoupata.

Namba 1: kitabu cha Tara Books

Hawa ni wachapishaji, wako Chennai, India, wameanza 1994, na vitabu vyao vya mkono ndio naviweka juu ya kila kitu hapa. Anza na The Night Life of Trees. Ni kazi ya wachoraji watatu wa jamii ya Wagond kutoka India ya kati, Bhajju Shyam, Durga Bai na Ram Singh Urveti, na majina yao yako mbele kwenye kava, hayajafichwa nyuma kwa maandishi ya sisimizi. Karatasi ni nyeusi, imetengenezwa kwa mkono kwa mabaki ya pamba, halafu michoro inaprintiwa kwa skrini rangi moja baada ya nyingine, ukipitisha kidole unausikia wino umeinuka kidogo na kikiwa kipya kinanuka rangi, kweli kinanuka, usidhani kimeharibika. Kila kopi ina namba yake. Mti mmoja unakuta matawi yamegeuka nyoka au pembe za swala, na ndani ya kila umbo kumejazwa vimistari na vidoti vidogo vidogo ambavyo kila mchoraji ana vyake, ni kama saini.

Angalia kitu kimoja tu: Tara wana vitabu vya mkono na wana vya kawaida vya mashine, picha kwenye simu hazitakuonyesha tofauti, kwa hiyo soma maelezo mpaka uone wameandika kimetengenezwa kwa mkono. Na usikiweke karibu na dirisha wala chini ya AC inayovuja, haya mambo yameshanitokea.

Namba 2: shati la batik la Indonesia

Hapa nitakaa kidogo maana watu wengi wanapigwa. Sisi batiki tunaijua, mama zetu wanachovya nta na rangi uani, na kitenge cha wax tunachokiita chetu kimetokana na Wazungu wa Uholanzi kuiga batik ya Java kwa mashine karne ya 19, Wajava wakaikataa, ikaja kupata soko Afrika. Hata yale mashati ya Mandela, alipewa shati la batik alipoenda Indonesia mwaka 1990 na akanogewa. UNESCO wakaiweka batik ya Indonesia kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2009. Kwa hiyo ukivaa hili shati Dar au Mombasa hakuna atakayekushangaa, ni kama binamu karudi nyumbani.

Sasa kuna aina tatu. Batik tulis inachorwa kwa mkono na kikalamu cha shaba kinachodondosha nta ya moto, kinaitwa canting, kitambaa kimoja kinaweza kula wiki hadi miezi, na bei yake inajieleza. Batik cap inapigwa kwa muhuri wa shaba uliochovywa kwenye nta. Halafu kuna ya kuprintiwa kiwandani ambayo nta haijaigusa kabisa. Wauzaji waaminifu wenyewe wanaandika tulis au cap, ukiona wameandika "motif batik" ujue ni printi. Ukiwa na kitambaa mkononi kigeuze: kilichopita kwenye nta na rangi, nyuma na mbele vinakaribiana, cha printi nyuma kimepauka. Kwenye cap ukitazama vizuri utaona mahali muhuri ulipokutana na mwenzake na mstari ukaruka kidogo, mimi hiyo ndio naipenda zaidi.

Ushauri wangu chukua cap. Tulis ya kwanza kuinunua ukiwa hujui kuiangalia ni kumpa mtu hela. Agiza kwa sentimita, pima kifua chako, maana L yao mimi imenibana kwapani. Fua kwa sabuni laini peke yake, anika kivulini.

Namba 3: Hiroshige wa Taschen

Ukitaka kitabu cha Japani nunua mandhari mia za Edo, alizochora Utagawa Hiroshige 1856 mpaka 1858 alipofariki, Edo ndio Tokyo ya leo. Taschen, wachapishaji wa Ujerumani, wamekifunga kwa mtindo wa Kijapani, kurasa zimekunjwa katikati na kushonwa kwa uzi. Fungua ile ya mvua ya ghafla kwenye daraja: watu wamejikunja chini ya miavuli, mvua ni vimistari vyeusi vyembamba kama sindano, na fundi alivichonga kwenye ubao wa mbao kimoja kimoja. Van Gogh aliinakili kwa mafuta 1887. Kitabu ni kizito na nauli ya mzigo itakuuma, ukishindwa chukua kile chembamba cha Taschen cha Hiroshige. Ukikosa hela kabisa, makumbusho ya Met ya New York wanaruhusu kupakua bure picha za kazi zao zisizo na hakimiliki, wimbi la Hokusai likiwemo, na vitabu vyao vingi vya zamani ni PDF za bure.

Namba 4: tisheti za UT za Uniqlo

Uniqlo ni kampuni ya nguo ya Japani, na UT ndio tisheti zao za michoro. Pamba nzuri, na wameshatoa za ukiyo-e, yaani zile chapa za mbao za kina Hokusai na Hiroshige, kwa idhini. Marekani inacheza dola 20 hadi 25. Huku kwetu utamtegemea ndugu anayekuja likizo, au bahati ya mtumba, mimi moja nimeipata mtumbani ikiwa na lebo yake shingoni. Ukinunua kwingine, kwa wimbi angalia litokee kushoto, boti ziwe tatu na maandishi yawepo juu kushoto. Basi.

Shali la ajrakh kutoka Kutch, India, ningeliweka hapa pia, linapigwa mihuri ya mbao kwa bluu ya nili na nyekundu, ila mengine yanachuja vibaya, dai picha ya upande wa nyuma kwanza.

Wa mwisho: vikimono vya poliesta

Vyenye joka mgongoni na maua ya kubahatisha. Kwa joto la pwani ni adhabu, na mchoraji hajulikani. Ukitaka kweli, tafuta yukata ya pamba, lile vazi jepesi la Kijapani la aina ya kimono. Ukivaa, upande wako wa kushoto uje juu ya kulia, kinyume chake ndivyo wanavyovalishwa maiti, na juzi nimeona tangazo la muuzaji mmoja modo kafunga hivyo hivyo huku anacheka.