Banda la chuma kutoka Igoma: mwewe hapati kitu, nguchiro bado

Banda hili la kuku ninalo tangu kabla ya masika, kwa hiyo limeshanyeshewa, limeshapigwa jua, na kila mla kuku wa huku Luchelele, Mwanza, ameshalijaribu. Kama unafikiria kuagiza na nyumba yako iko kwenye mawe kama yangu, soma kwanza.

Wanaolitengeneza ni vijana wa karakana moja ya kuchomelea pale Igoma, barabara ya Musoma. Fremu ni mabomba ya mraba, paa ni bati la geji 30, sakafu ni wavu, na lote limeinuliwa kwa miguu ya chuma kama futi mbili. Ukubwa ni futi 6 kwa 4. Ndani kuna viota vitatu na fito mbili za kulalia. Nililipa 420,000 baada ya kubishana sana, na kirikuu ya kulileta ikawa juu yangu.

Watakuambia linachukua kuku 25. Si kweli. Eneo lake ni mita mbili za mraba na kidogo, na kuku wa kienyeji wakikaa wanne au watano kwa mita moja ndiyo wanakaa vizuri. Kumi wanatosha. Ukisukumia 25 humo watadonoana hadi migongo ibaki wazi.

Kazi ya kuchomelea ni safi, sina la kusema. Ninachokipenda zaidi ni hiyo miguu: kila mmoja nimeusimamisha ndani ya kopo lenye oili chafu, na siafu hawapandi tena. Kuku anayeatamia hakimbii, anang'ang'ania mayai yake hadi siafu wammalize pale pale. Aliyewahi kuona hilo hatanicheka kwa kuanzia na makopo. Kinyesi kinadondoka chini, nakizoa kwa koleo, kinaenda kwenye mchicha. Komeo ni zito na lina tundu la kufuli, maana kuna mla kuku mwenye miguu miwili anayepita usiku wa manane, hasa karibu na Krismasi.

Tatizo ni wavu. Wametumia ule mwembamba wa matundu ya pembe sita ambao sote tunauita wavu wa kuku. Nilipouliza, fundi alinijibu, "Mwalimu, huo hata simba hapiti." Nikamwambia simba wako Serengeti, mimi hapa nina kanu, kicheche na paka shume. Wavu ule unamzuia kuku asitoke, lakini mwenye meno na subira anauchana. Tena mara nyingi hana haja ya kuuchana. Kuku akilala ameegemea ukuta, kanu anapitisha mkono tu na kuvuta mguu. Mtetea wangu mmoja mwenye madoa nilimkuta asubuhi amebaki hivyo, nusu ndani. Kicheche yeye anatafuta kona ambayo wavu umefungwa kwa waya bila kuchomelewa, na kona za namna hiyo kwenye banda langu zilikuwepo.

Halafu kuna uzio wa mchana, ambao wanauuza pembeni kwa 150,000: fremu ya kuunganisha na mlango wa banda ili kuku wachakure bila kuachiwa uwanja mzima. Mimi nauona una maana kuliko banda lenyewe. Watu wengi huhangaika na usiku, lakini mwewe, nguchiro na kenge wote wanakula mchana kweupe. Huku ufukweni mwewe hawakosekani, wamezoea mabaki ya samaki, na kifaranga hakina tofauti kubwa na samaki mdogo kama furu. Zamani tulikuwa tunafunika vifaranga kwa tenga na kukaa barazani na fimbo. Uzio huu una wavu hadi juu, na tangu niufunge mwewe anazunguka na kuondoka zake.

Ila chini uko wazi. Fremu imekaa tu juu ya ardhi, basi. Nguchiro anatoka kwenye majabali nyuma ya nyumba, anachimba kidogo, kaingia. Kenge naye anatoka upande wa ziwani akifuata mayai. Niliporudi kulalamika niliambiwa nichimbe mtaro wa futi moja na kuufukia wavu humo. Huo ni ushauri mzuri kwa watu wa Magu, wenye udongo wa kuchimbika. Luchelele jembe likishuka shubiri moja linagonga jiwe.

Dawa yake ni kulaza wavu chini kuelekea nje, upana wa futi mbili kuzunguka uzio wote, uufunge kwenye fremu, kisha upange mawe juu yake. Mawe tunayo, hilo nashukuru. Mnyama huanza kuchimba pale pale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta wavu anahangaika hapo hapo, hafikirii kurudi nyuma. Nimetumia wavu mgumu wa kuchomelewa wenye matundu ya nusu inchi, na huo huo nimeuzungushia banda kuanzia chini hadi juu ya fito za kulalia. Tangu hapo sijapoteza kuku kwa mnyama. (Ugonjwa wa kideri haujali wavu, chanjo ya matone ya jicho kila miezi mitatu iko pale pale.)

Kwa hiyo nunua, lakini usinunue lile lililosimama barabarani likipakwa rangi. Agiza lako. Sema unataka nusu inchi kuanzia mwanzo, kona zote zichomelewe, na uzio uje na wavu wake wa kulaza. Jirani yangu aliagiza hivyo wakamwongezea 70,000, na mimi wavu tu wa kurekebishia ulinigharimu zaidi ya hapo. Na yale magurudumu mawili wanayoyasifia kwamba banda linahamishika, waambie wayang'oe na wapunguze bei. Kwenye mteremko wetu banda likishawekwa limewekwa.