Tangi la Volkswagen yangu ya 1972: nilivyohudumiwa Katwe

Kwa wiki mbili nilikuwa nashuka garini nikinuka petroli. Gari ni Volkswagen Beetle ya 1972 niliyoachiwa na baba mkubwa, na wanaoijua wanajua tangi lake liko mbele, chini ya boneti, karibu na miguu ya dereva. Ni lita 40, na mbele ya magoti yako hakuna kingine. Nilipong'oa kadibodi ya boneti nikakuta mshono wa chini umelowa, na tone moja limening'inia.

Fundi wa kwanza niliyemwendea hapa Jinja aliniambia nimwage petroli, nimletee tangi tupu, alichomelee kwa dakika kumi. Nilikataa, na hadi leo namshukuru Mungu. Tangi tupu ndilo la kuogopa zaidi. Likijaa, hewa iliyobaki ndani ni kidogo. Likimwagwa, linabaki na mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke wa petroli ukifika takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa hiyo, cheche moja inatosha. Wala haihitaji joto: petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Sasa fikiria mchana wa Uganda.

Rafiki alinielekeza kwa mzee mmoja wa Katwe, mtaa wa mafundi huko Kampala, Mnubi wa Bombo, anayetengeneza matangi na rejeta tu. Nilifungua waya hasi wa betri (kwenye gari hili betri iko chini ya kiti cha nyuma), nikamwaga petroli nje uani injini ikiwa baridi, nikalegeza bolti nne, mpira wa mafuta na waya wa geji. Nililisafirisha kwa pikapu ya wazi, kilomita 80 hivi. Kulipakia kwenye matatu yenye abiria nisingethubutu.

Swali lake la kwanza ndilo lililonifanya nimwamini.

"Mwanangu, limemwagwa lini?"

"Jumamosi, mzee."

"Basi bado. Niachie, urudi Alhamisi."

Siku hizo zote hakuligusa kwa moto. Aliliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akalitikisa, akamwaga, akarudia, kisha akaliacha wazi juani. Alinieleza kwamba petroli hujificha kwenye mishono na chini ya kutu, kwa hiyo pua peke yake haitoshi kukuambia tangi ni salama. Kutu yenyewe aliing'oa kwa siki na mnyororo mdogo aliouingiza ndani na kuuzungusha. Chanzo cha tundu kilikuwa hicho hicho: gari lililala muda mrefu, maji yakaingia, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli yakatulia chini na kula bati kutoka ndani.

Alhamisi nikashuhudia. Aligeuza tangi, mshono mbovu ukaangalia juu, akalijaza maji mpaka karibu kabisa na tundu ili mvuke usipate pa kukaa. Jiko la mkaa lilikuwa ng'ambo ya uchochoro. Alipasha nyundo yake ya shaba ya kulehemu huko, akaja nayo ikiwa moto bila mwali, akaweka kiraka cha bati na kukiunga kwa lehemu ya risasi. Taratibu, kama mtu anayeshona nguo ya mtoto. Halafu akamwaga maji, akaziba matundu yote, akapuliza kwa pampu ya baiskeli na kupaka povu la sabuni kwenye mshono. Kompresa aliikataa, kwa sababu tangi jembamba linaweza kufura. Hapakutoka hata kiputo kimoja.

Nilimwomba alipake ndani ile dawa ya kuzibia inayouzwa kwenye makopo. Akasema bati langu bado ni zima, na dawa hiyo ikipakwa juu ya kutu hubanduka na kuziba mpira wa mafuta. Nililipa shilingi 150,000. Mpira mpya na klipu nilinunua mwenyewe kwenye soko la vipuri la Kisekka, maana kurudisha mpira wa zamani wenye nyufa baada ya kazi yote hiyo ni kujitafutia moto.

Kilichonikera ni mahali penyewe. Siku ya Alhamisi jirani alikuwa akikata vyuma kwa mashine ya kusagia, cheche zinaruka, hatua chache tu kutoka kwenye matangi ya wateja wengine yaliyokuwa yakikaushwa. Nilipomwambia mzee aliyahamisha mara moja, lakini hilo halikupaswa kusubiri mteja aseme. Vilevile hakutoa risiti, na rangi ya juu niliipaka upya nyumbani. Kwa hayo nampa nyota nne kati ya tano.

Sasa ni miezi minne. Nimekwenda Mbale na kurudi, tangi likiwa limejaa, na kila Jumapili napitisha kitambaa cheupe kwenye mshono. Kinatoka kikavu. Mzee ameniagiza nimpelekee tena baada ya mvua za Novemba akauangalie, na nitampelekea.