Risiva ya Hom Thieta kwa Bei Nafuu: Ipi Itangulie na Ipi Uiache Dukani

Mtu anayetaka kuachana na sabufa ya kawaida na kujenga sinema ya sebuleni, yenye spika tano na besi yake, mara nyingi huanza kwa kuuliza wati. Muuzaji naye humjibu kwa wati, kwa kuwa ndiyo namba kubwa kuliko zote zilizochapwa kwenye boksi. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili wa mashine, kule nyuma, palipoandikwa volti na palipopangwa matundu ya HDMI, yaani ya waya unaopitisha picha na sauti pamoja, kwa sababu hapo ndipo risiva ya bei nafuu inapokufaa kwa miaka mingi au inapogeuka pambo la kabatini.

Kwanza jina lenyewe lina mtego. Ukiingia duka la Kariakoo, au la Luthuli Avenue jijini Nairobi, ukataja risiva tu, huenda ukaletewa king'amuzi cha dishi. Sema unataka amplifaya ya hom thieta yenye HDMI, ile ambayo king'amuzi, deki na mashine ya michezo huchomekwa nyuma yake, kisha waya mmoja huenda kwenye televisheni na nyaya nyingine huenda kwenye spika. Usikubali kupewa seti iliyofungwa pamoja na spika zake kana kwamba ni kitu kilekile. Katika seti nyingi za namna hiyo plagi za spika ni za kipekee na ukinzani wa spika zenyewe, yaani jinsi zinavyozuia umeme, ni omu 3, ilhali risiva nyingi za bei ya chini zimeundwa kwa spika za omu 6 na kuendelea; omu zikipungua, mashine hulazimika kutoa umeme mwingi zaidi. Ndiyo maana wanaohamisha spika za seti ya zamani na kuzifunga kwenye risiva mpya hukuta mashine inajizima yenyewe kila filamu inapofika kwenye milipuko.

Baada ya hapo tazama volti. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni 240, kwa mzunguko wa hezi 50, kwa hiyo mashine iliyotengenezewa soko la Dubai au Muscat haina shida, tena hata plagi yake ya miguu mitatu ni ileile. Shida iko kwenye mitumba ya Japani, ambako umeme ni volti 100, na ya Marekani, ambako ni volti 120 na hezi 60. Mimi mwenyewe niliwahi kununua risiva ya Japani iliyokuwa safi kama imetoka kiwandani jana, na aliyeniuzia akaniapia kwamba inakula umeme wowote. Niliichomeka ukutani, ikatoa mlio mmoja mfupi, kisha ikaanza kunuka kama plastiki inayoungua. Fundi alibadilisha fyuzi, ikakatika tena papo hapo, akaifungua na kunionyesha transfoma iliyobadilika rangi. Maandishi madogo yaliyokuwa nyuma, AC 100V, nilikuwa nimeyaona dukani. Sikuyapa uzito kwa sababu nilishughulika na wati.

Sasa tuje kwenye mpangilio. Ninazozipanga hapa ni risiva za chaneli tano, yaani zinazoendesha spika tano, zile ambazo kila kampuni iliziweka kwenye ngazi ya chini ya orodha yake, na nimezipanga kwa kufikiria sebule ya kawaida ya futi 12 kwa 14, si ukumbi.

Ya kwanza ninaiweka Yamaha RX-V385, iliyotoka mwaka 2018. Ina matundu manne ya kuingizia HDMI na moja la kutolea, inapitisha picha kali ya 4K pamoja na HDR10 na Dolby Vision, zinazoboresha mwanga na rangi, inafumbua Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, miundo ya sauti ya diski za Blu-ray, na inapokea muziki wa simu kwa Bluetooth. Haina Wi-Fi, nami sioni hasara, maana televisheni yako tayari inayo. Kinachoipa nafasi hii ni mfumo wake wa kujipima uitwao YPAO. Ndani ya boksi mna maikrofoni ndogo yenye waya mrefu. Unaiweka mahali unapokaa, kwenye kimo cha masikio, na mashine inatoa mlio katika spika moja baada ya nyingine, ikipima umbali, ukubwa wa sauti na namna chumba kinavyoirudisha. Katika nyumba zetu jambo hili lina maana kubwa: spika ya kulia huishia karibu na mlango, ya kushoto hujibanza nyuma ya kochi, na zile za nyuma hazilingani hata kimo, kwa sababu moja iko juu ya kabati la vyombo na nyingine juu ya dirisha. Bila kipimo, sauti yote huvutwa na spika iliyo karibu nawe. Zaidi ya hayo, YPAO hutoa onyo pale inapohisi kwamba waya mwekundu na mweusi wa spika vimebadilishana, kosa ambalo hata fundi mzoefu hulifanya anapofanya kazi kwa haraka nyuma ya kabati lenye giza. Kipimo kinahitaji utulivu, hivyo zima feni na uwaombe watoto watoke. Kwetu huwa nangoja hadi baada ya saa nne usiku, bodaboda zinapopungua barabarani.

Ya pili ni Sony STR-DH590, ya mwaka huohuo wa 2018, nayo ina matundu manne ya kuingizia, HDMI yenye ARC, yaani inayorudisha sauti ya televisheni kwenye risiva, Bluetooth na maikrofoni ya kupimia. Umbo lake ni fupi, kimo cha sentimita 13.3, kwa hiyo huingia kwenye kabati za televisheni ambazo risiva nyingine hugoma kuingia. Kama kabati lako ni jembamba, ipandishe iwe ya kwanza wala usisite. Boksi lake limeandikwa wati 145 kwa chaneli, na la Yamaha wati 100, na hapo ndipo wanunuzi wengi hufanya uamuzi. Namba hizo zote mbili zimepimwa kwa chaneli moja tu na kwa mlio wa hezi 1,000 pekee. Ukizipima kwa chaneli mbili na kwa masafa yote, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, Sony inashuka hadi wati 90 na Yamaha hadi 70, tofauti ya takriban desibeli 1 (kipimo cha ukubwa wa sauti), ambayo sikio huipata kwa shida. Ili kuongeza desibeli 3 lazima wati ziwe maradufu. Lakini spika yenye usikivu, yaani sauti inayotoa kwa wati moja, wa desibeli 90 badala ya 87 inakupa nyongeza hiyohiyo bila kugusa risiva. Fedha unayotaka kuongeza kwa ajili ya wati ipeleke kwenye spika ya katikati, ile inayobeba mazungumzo.

Nafasi ya tatu nazipa mbili kwa pamoja, Pioneer VSX-534 na Onkyo TX-SR393, ambazo hazitofautiani sana kimatumizi. Hizi zinafumbua Dolby Atmos na DTS:X, miundo inayoleta sauti hata kutoka juu ya kichwa, na muuzaji atakueleza hayo kabla hujakaa. Asichokueleza ni kwamba amplifaya zilizomo ndani ni tano tu. Ukitaka sauti hiyo ya darini, chaneli mbili zinahamishwa kutoka nyuma yako na kupelekwa darini, unabaki na tatu mbele na mbili juu. Kwa maoni yangu hiyo ni biashara mbaya, hasa pale ambapo dari ni ya mbao nyembamba inayotetemeka au hakuna dari kabisa. Ukizitumia kama risiva za kawaida za chaneli tano ni mashine nzuri, na bei ikiwa chini ya hizo mbili za mwanzo, zichukue.

Denon AVR-X250BT ni ya nne. Ina matundu matano ya kuingizia, moja zaidi ya wenzake, na utaratibu wake wa kuiandaa ni mwepesi kufuata, ila haina maikrofoni ya kupimia. Utatumia futi ya fundi seremala na kujaza umbali wa kila spika kwa rimoti. Si kazi ngumu, lakini wachache huifanya, na risiva isiyopimwa huishia kusikika kama redio kubwa.

Mitumba ya zamani naiweka ya mwisho, ingawa kwa bei ndiyo inayoshawishi kuliko zote. Mashine nzito ya mwaka 2009 au 2010 yaweza kuwa na amplifaya bora kuliko hizi mpya, lakini HDMI yake haipitishi 4K, na hata nyingi za mwaka 2013 na 2014 hazina ulinzi wa HDCP 2.2, ambao vifaa vya 4K huudai ili picha isinakiliwe, matokeo yake ni skrini nyeusi unapochomeka kifaa cha 4K. Ukiipenda kwa dhati, chomeka vifaa moja kwa moja kwenye televisheni, kisha toa sauti kwa waya wa mwanga (optical) kwenda kwenye risiva; utapata Dolby Digital ya 5.1, yaani spika tano na besi, si TrueHD. Ikiwa ni ya Japani, nunua na transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi mara mbili wati za matumizi zilizoandikwa nyuma ya mashine. Ya Marekani ni tatizo zaidi, kwa kuwa transfoma inashusha volti tu na hezi zinabaki 50, kwa hiyo mashine iliyotengenezewa hezi 60 pekee hupata joto kuliko kawaida.

Mwenye PlayStation 5 au Xbox Series X asihofu kwamba risiva hizi hazipitishi 4K ya picha 120 kwa sekunde. Mashine ya michezo ichomekwe kwenye televisheni, na sauti irudi kwa ARC.

Dukani, usijaribiwe kwa wimbo wa muuzaji, ambao umechaguliwa ili besi igonge kifua. Nenda na filamu unayoijua kwenye kompyuta ndogo, jaribu kila tundu la HDMI kwa zamu, zungusha kitufe cha sauti polepole usikilize kama kinakwaruza, na hakikisha rimoti na maikrofoni vimo ndani ya boksi. Ukifika nyumbani, acha nafasi ya shubiri moja juu ya mashine, na kile kitambaa cha kudarizi ambacho mama mwenye nyumba atataka kuitandikia, mwombe akihamishie juu ya spika ya besi, kwa maana matundu ya kutolea joto yako upande wa juu.